Utando wa Bakteria: Nani Anakaa, Nani Anaondoka

Ingiza vidole viwili kwenye mdomo wa mtungi wa manjano wa lita 20 uliochotewa maji kwa muda mrefu, upapase ukuta wa ndani. Unateleza. Maji yenyewe ukiyamimina kwenye gilasi ni safi, hayana harufu wala rangi. Lakini ukiukwaruza ule ukuta kwa ukucha, utatoka na kitu laini cha kijivu ambacho ukikisugua kati ya vidole kinapotea. Huo utelezi ni bakteria, mamilioni kwa mamilioni, waliojishikiza kwenye plastiki na kujifunika kwa ute walioutengeneza wenyewe. Ndio utando wa bakteria. Mimi ni mtu wa maabara hapa Nairobi, na katika vyote ninavyovitazama kwa darubini hakuna kinachonivutia, wala kunitia wasiwasi, kuliko huu utando.

Mji wetu unaulea vizuri. Maji ya Ndakaini, kule Murang'a, hupita kwenye mtambo wa kusafishia wa Ng'ethu na kufika kwenye matangi ya Gigiri yakiwa na klorini. Baada ya hapo ndipo safari inapokuwa ndefu. Mgao ukiwa wa siku chache kwa wiki, kila ploti inajaza tangi jeusi la juu ya paa, halafu kila nyumba inajaza mitungi, ndoo, karai na sufuria. Kule Pipeline, Kayole na Mathare wengine hununua kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni au kwenye boza. Kadiri maji yanavyokaa ndivyo klorini inavyopungua, na ukuta wa plastiki ulio ndani ya maji yaliyotulia ni mahali pazuri pa bakteria kutua.

Jirani yangu mmoja, mama mzee ambaye ploti nzima tunamwita Shosho, alinisimamisha kwenye ngazi akiwa na mtungi mkononi.

"Daktari, hii dawa ya maji mnatudanganya nayo. Nimetia kifuniko kizima, nikafunga, nikaacha mpaka asubuhi. Bado kunateleza."

"Uliusugua kwanza, Shosho?"

"Nisugue na nini, na mkono hauingii?"

Alikuwa na haki ya kulalamika. Klorini inapokutana na utando huanza kupambana na ule ute wa juu, na sehemu kubwa ya nguvu yake huishia hapo kabla haijawafikia walio chini. Jambo hili lilionekana zamani sana. Katika miaka ya 1680, Antonie van Leeuwenhoek, yule Mholanzi aliyejitengenezea darubini, alikwaruza ukoga wa meno yake na kuona ndani yake viumbe vidogo vikicheza. Akasukutua kwa siki. Aliporudi kutazama, aliandika kwamba siki ilikuwa imewaua wale wa nje tu na haikupenya ndani ya ukoga. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Shosho alikuwa akiniambia jambo lile lile kwenye ngazi za Nairobi.

Nilimwambia atie changarawe safi kiganja kimoja, maji kidogo na sabuni, atikise mtungi kwa nguvu, asuuze mpaka maji yatoke bila povu, kisha ndipo ajaze na kutia dawa. "Hiyo tulikuwa tunafanya tukiwa wasichana," akasema. "Nilidhani dawa imeondoa hiyo kazi." Haijaiondoa. Lazima utando uvunjwe kwanza kwa nguvu za mkono, ndipo klorini iwapate bakteria wakiwa wazi.

Watu wengi, hata wasomi, huuona utando kama uchafu uliojirundika tu, mfano wa vumbi juu ya kabati. Hapo ndipo nataka kukaa. Bakteria anayeogelea peke yake ndani ya maji na bakteria aliyejikita ndani ya utando anaweza kuwa yule yule, mwenye jeni zile zile herufi kwa herufi. Kinachobadilika ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimenyamazishwa. Utando ni uamuzi, na uamuzi huo una mahali unapofanyikia ndani ya seli, mahali tunapoweza kupataja kwa jina.

Kwa Salmonella na kwa E. coli, bakteria wawili wa matumboni, mahali hapo ni jeni iitwayo csgD. Protini yake haijengi chochote yenyewe. Kazi yake ni kuwasha jeni nyingine. Ikishaamka, bakteria huanza kutoa nyuzi nyembamba za protini ziitwazo kurli, na kwa njia nyingine huanza kutoa selulosi, ile ile iliyomo kwenye pamba na karatasi. Nyuzi na selulosi zikishikana, seli zinafungwa pamoja na kufungwa kwenye ukuta. Kurli zilielezwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mwaka 2002 ikathibitishwa kwamba zimejikunja kwa namna moja na zile protini zinazojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Kwetu sisi mkunjo huo ni ajali na ugonjwa, lakini bakteria anautengeneza kwa makusudi, kwa mpangilio, akiwa na protini maalumu za kuusimamia usimdhuru.

Uamuzi huu unaonekana kwa macho, na hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Unaandaa kisahani cha aga isiyo na chumvi, ile jeli ya kuoteshea bakteria, unaichanganya na rangi iitwayo Congo red, unaweka tone la bakteria katikati, unakiacha kwenye inkubeta ya digrii 28 kwa siku chache. (Rangi hiyo iliingizwa sokoni na kampuni ya Berlin mwaka 1885, mwaka ambao mkutano wa mataifa ya Ulaya wa kugawana bara letu ulimalizika mjini humo humo, na ikapewa jina la Kongo ili ivutie wanunuzi. Kila ninapofungua chupa yake hilo hunijia.) Salmonella Typhimurium wa kawaida, anayesumbua matumbo, anatoa koloni, yaani kundi la bakteria waliozaliana hapo, nyekundu, kavu, iliyokunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Ukiigusa kwa kitanzi cha waya haipakaziki. Inanyanyuka kipande kizima, na pembeni unaona imechanika badala ya kuvutika.

Sasa chukua bakteria yule yule aliyeharibiwa jeni ya csgD. Koloni inakuwa laini, imefifia, inateleza, haina mkunjo hata mmoja. Ukimwacha na kurli bila selulosi, koloni inageuka kahawia. Ukimwacha na selulosi bila kurli, inakuwa ya waridi. Nikiwafundisha vijana wa mafunzo kazini, huvipanga visahani hivyo vinne mezani kabla ya kuwaeleza neno lolote, kwa sababu mtu akishaviona hana haja tena ya kuambiwa aamini kwamba jeni hufanya kazi. Kisha ninaongeza cha tano, cha bakteria mzima asiyeharibiwa chochote, ila huyu amewekwa kwenye digrii 37. Naye ni laini na amefifia. Jeni anazo zote, lakini joto limemwambia asizitumie.

Nini kingine kinaiamsha csgD? Njaa ni mojawapo. Chakula kinapopungua, protini iitwayo RpoS huongezeka ndani ya seli na kusaidia csgD isomwe. Chumvi kidogo ni nyingine, na kwa hilo bakteria hutumia protini iitwayo OmpR, inayoitikia hali ya chumvi ya nje. Joto likiwa chini ya digrii 30, mambo yamekamilika. Unganisha hayo matatu, ubaridi kiasi, njaa na chumvi kidogo, uniambie kama hujapata maji yaliyokaa kwenye mtungi Nairobi. Ndani ya mwili wa mtu kuna digrii 37, chumvi na chakula. Kwa bakteria hizo ni dunia mbili, na sehemu inayotangulia jeni ya csgD ni kama ina masikio ya kutofautisha ni ipi aliyomo.

Kati ya kusikia na kutenda kuna mjumbe, molekuli ndogo iitwayo c-di-GMP. Iligunduliwa mwaka 1987 na Moshe Benziman na wenzake kule Jerusalem, wakichunguza bakteria anayetengeneza selulosi, wa jamii ya wale wanaogeuza tembo la mnazi kuwa siki. Walikuwa wanatafuta kinachowasha mashine ya selulosi, wakakuta kitu ambacho baadaye kilionekana kwa bakteria wa aina nyingi mno. Kikiwa kingi ndani ya seli, bakteria anakaa: selulosi inatoka, na protini moja iitwayo YcgR inaukamata mtambo wa mkia wa kuogelea na kuupunguzia mwendo. Kikiwa kidogo, mkia unazunguka na bakteria anaondoka.

E. coli wa maabara aitwaye K-12 ana protini 29 za ukoo unaohusika na mjumbe huyu: 12 za kumtengeneza, 13 za kumvunja, na 4 zilizopoteza uwezo huo zikapewa kazi nyingine. Zamani nilidhani wingi huo ni fujo ya mageuzi, mabaki yasiyo na maana. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba kila moja ina sikio lake. Kuna inayosikiliza oksijeni, kuna inayosikiliza mwanga. Uamuzi wa kukaa mahali ni mzito kwa kiumbe asiye na akiba, na inaelekea umewekewa mashahidi wengi.

Wala hawaamui wote kwa pamoja. Ndani ya tone moja la Salmonella, lenye watoto wa seli moja, utakuta baadhi yao wana protini ya csgD, iandikwayo CsgD, kwa wingi na wamejifunga kwenye utando, na wengine hawana kabisa, wanabaki huru. Hakuna tofauti ya jeni kati yao. Wanaobaki huru wanaweza kuingia kwa mtu atakayekunywa leo, na waliojifunga wanaweza kungoja atakayekunywa mwezi ujao. Ndiyo maana kumwaga maji yenye vijidudu na kujaza mengine kwenye mtungi ule ule hakumalizi kazi.

Bakteria wengine huhesabiana kwanza. Kila mmoja hutoa molekuli ndogo nje, na wakiwa wengi molekuli hizo hujaa, hivyo kila seli inajua kwamba haiko peke yake. Pseudomonas aeruginosa, anayependa mabomba, sinki na vidonda vya moto, hutumia hesabu hiyo kujenga. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba akiharibiwa jeni ya lasI, mojawapo ya jeni za kutoa molekuli hizo, utando wake unakuwa bapa na mwembamba, na sabuni inaung'oa. Bakteria wa kipindupindu hufanya kinyume. Wakiwa wachache hujenga utando. Wakiwa wengi, protini yao iitwayo HapR huzima jeni za utando na wanatawanyika. Kwangu jambo hili linaeleza tabia ya ugonjwa wenyewe. Pseudomonas anakaa kwenye pafu au kidonda kwa miaka, akizidi kujikita. Kipindupindu huingia, huzaliana upesi ndani ya utumbo, kisha hutoka kwa wingi kwenda kutafuta maji mengine. Kenya ililipata wimbi lake la kwanza la zama hizi mwaka 1971, na tangu hapo ugonjwa haujatuacha kwa muda mrefu.

Hospitalini mambo haya yanafahamika zaidi kwa mpira wa mkojo. Kadiri unavyokaa ndani ya mgonjwa ndivyo utando unavyomea juu yake, na bakteria walio ndani ya utando wanaweza kustahimili dozi ya antibiotiki mara 10 hadi 1,000 kuliko ndugu zao wanaoelea. Mpira utolewe mara tu hauhitajiki. Hakuna dawa inayoshinda hilo.

Ila kuna jambo lililoniingia moyoni zaidi ya yote hayo, nalo linahusu bakteria wanaopoteza utando. Bacillus subtilis wa porini, wa udongoni, hutoa koloni yenye mikunjo ya kupendeza. Yule aliyefugwa maabara tangu karne iliyopita, akihamishwa kutoka chupa hadi chupa na watu waliopenda koloni laini zisizosumbua, alipata mabadiliko kwenye jeni zake mpaka akashindwa kujenga utando wa maana. Maisha ya kioo hayakuuhitaji. Kwa hiyo ukisoma jeni za utando za bakteria, unaweza kuanza kukisia amekuwa akiishi wapi.

Sasa tazama bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi. Huyu ni wa binadamu peke yake, hana kuku wala ng'ombe wa kumhifadhi. Weka kwenye Congo red: laini, hana wekundu. Protini yake ya CsgD imekatwa mkia, imepungukiwa na asidi amino nane za mwisho, na haifanyi kazi. Hata hivyo hajaachana na utando moja kwa moja. Kati ya wagonjwa 100 wa taifodi, watu 3 hadi 5 hivi hubaki wakimbeba bila kuumwa, na wengi wao wana mawe kwenye kibofu cha nyongo. Juu ya mawe hayo Typhi hujenga utando wa namna nyingine, kwa viungo vingine, ndani ya nyongo ambayo ingewaua bakteria wengi. Mary Mallon, yule mpishi wa New York aliyefariki mwaka 1938 baada ya kutengwa na watu kwa miaka mingi, alikuwa mbebaji wa namna hiyo. Madaktari walitaka kumtoa kibofu cha nyongo, akakataa. Simlaumu. Upasuaji wa wakati ule ulikuwa wa kuogopesha, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kinachomea ndani yake.

Na kuna Salmonella wetu wa Afrika. Mwaka 2009 watafiti walieleza tawi la Typhimurium lililotoka kwenye damu ya wagonjwa wa Malawi na Kenya, likaitwa ST313. Typhimurium kwingine duniani ni ugonjwa wa tumbo, siku chache za kuharisha kisha mtu anapona. Huyu anaingia kwenye damu. Anawashika watoto wadogo wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na watu wazima wenye virusi vya UKIMWI ambavyo havijadhibitiwa. Mtoto huja na homa, mara nyingi bila kuharisha, na mzazi hudhani ni malaria. Mwaka 2012 Chinyere Okoro na wenzake walionyesha namna tawi hili lilivyosambaa barani, na namna ukinzani dhidi ya antibiotiki ya kloramfeniko ulivyokisaidia kizazi chake cha pili kuchukua nafasi ya cha kwanza.

Mwaka 2019 Keith MacKenzie na wenzake waliutazama utando wake. Walikuta mabadiliko ya herufi moja moja kwenye sehemu inayotangulia csgD, pale pale penye masikio niliyoyataja. Kwa Typhimurium wa ST313 mabadiliko hayo yamepunguza sauti ya jeni hiyo. Kwa ndugu yake, Salmonella Enteritidis, naye aliyetoka kwenye damu ya mtoto wa Malawi, yameinyamazisha kabisa. Mabadiliko hayo yameenea katika matawi ya Kiafrika ya bakteria hawa, na yana umri wa hadi miaka 80. Wanaelekea kule alikokwenda Typhi, wakiyaacha maisha ya nje na kuzoea ya ndani ya mtu.

Niliposoma hayo nilirudi kwenye kazi ya Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyochapishwa mwaka 2006. Walikwenda mpaka nyumbani kwa watoto waliougua, wakapima watu, wanyama na mazingira. Bakteria wa watoto walifanana zaidi na wale waliopatikana kwa watu wa nyumba ile kuliko na wale wa mifugo au wa mazingira. Wakati huo ushahidi ulitoka kwenye ulinganisho wa bakteria wenyewe. Miaka 13 baadaye herufi za csgD zikaelekeza upande ule ule.

Hili linabadilisha mahali pa kutafutia. Salmonella mwenye utando imara tumtafute kwenye tangi, kwenye mabanda ya kuku, kwenye mbao za kukatia nyama. Aliyepoteza utando tumtafute kwa mama, kwa kaka, kwa dada wa mgonjwa, ambaye haumwi chochote na anapika chakula cha nyumba nzima. Lakini bakteria akipatikana kwenye damu ya mtoto, maswali ya kwanza ya maabara ni anaitwa nani na dawa ipi inamuua, na kwa mgonjwa aliye kitandani ni sawa kabisa. Ninachokitaka ni swali la tatu, kama anajenga utando au la, liulizwe baada ya hapo, na kuliuliza ni rahisi: aga isiyo na chumvi, rangi ya Congo red, inkubeta ya digrii 28. Hakuna mashine ya mamilioni inayohitajika kuona kama koloni imekunjamana au ni laini.

Nimeanza kuzungumza na wenzangu wa maabara nyingine hapa mjini ili tutoe sampuli za Salmonella zilizogandishwa, za damu na za choo, tuzipande kando kwa kando, na kando yake tupande zile tutakazokwaruza kwenye matangi ya ploti zilimotoka familia zilizoridhia. Shosho amekubali tuanze na tangi la kwetu.